Kokoto Nne za Thénac

Treni inayotoka Bordeaux kwenda Bergerac hupita katikati ya mashamba ya mizabibu, na kabla ya Sainte-Foy-la-Grande husimama Castillon, mahali ambapo mwaka 1453 Wafaransa na Waingereza walipigana pambano kubwa la mwisho la Vita vya Miaka Mia. Mwezi huu wa Julai behewa lilijaa mahema yaliyokunjwa, mito ya kulalia na watoto waliokuwa wakiuliza kila kituo kama ndipo hapa. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Dada yangu anaishi Brussels, na kazi ilikuwa imembana, akaniomba nimpeleke mwanawe kambini. Mtoto ana miaka tisa, na hata usingizini huwa hatulii.

"Mjomba, huko kuna intaneti?"

"Ipo, mjomba, lakini si yetu."

Hakulipenda jibu hilo, wala hakuficha.

Stesheni ya Sainte-Foy tulipokewa na mtawa aliyevaa joho la kahawia na kofia ya ukili yenye ncha, akatupakia kwenye gari dogo pamoja na familia mbili za Kidachi. Barabara hupanda vilima, ikipita alizeti zilizochanua na nyumba za mawe, hadi kijiji cha Thénac. Hapo ndipo penye mojawapo ya makao ya Plum Village, jumuiya ya watawa wa Kibudha iliyoanzishwa mwaka 1982 na Thich Nhat Hanh pamoja na Chan Khong, mwanamke aliyefanya naye kazi tangu kwao Vietnam. Kila kiangazi watawa hufungulia milango familia kutoka kila pembe ya dunia. Wengi hulala kwenye mahema, chini ya miti, wazazi na watoto wao.

Thich Nhat Hanh alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Hue. Vita vya Vietnam vilipopamba moto, yeye na wanafunzi wake waliingia vijijini kujenga upya nyumba zilizopigwa mabomu. Mwaka 1966 alikwenda Marekani kudai amani, na kwa kuwa hakuunga mkono upande wowote, akazuiwa kurudi nyumbani. Mwaka uliofuata Martin Luther King alimpendekeza apewe Tuzo ya Nobel ya Amani. Ilipita miaka 39 kabla hajaikanyaga tena ardhi ya nchi yake.

Hapa kusini-magharibi mwa Ufaransa, yeye na wenzake walipanda miti 1,250 ya plamu, na fedha za matunda zikapangwa kuwasaidia watoto wenye njaa Vietnam. Familia za wakimbizi wa Kivietnam zilikuwa miongoni mwa wageni wa mwanzo, zikileta watoto waliokuwa wameanza kuisahau lugha ya wazazi wao. Kwa hiyo watoto hawakuongezwa baadaye kwenye ratiba. Walikuwapo tangu plamu zikiwa miche.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kengele. Kuna kengele kubwa nje, kuna kengele ndogo za mkononi, na saa ya ukutani katika ukumbi wa chakula hulia kila robo saa. Ikilia, kila mtu husimama alipo. Mwenye kukata karoti huacha kisu. Mwenye kusimulia hukatisha neno. Wote huvuta pumzi mara chache, kisha kazi na mazungumzo huendelea kama kawaida. Mara ya kwanza mpwa wangu alinishika mkono, akaninong'oneza, "Mjomba, kuna nini?" Hapakuwa na kitu. Watu wazima zaidi ya mia, wenye mikono iliyojaa sahani, walikuwa wamenyamaza kwa hiari yao, na mtoto hakuwa amewahi kuona hivyo.

Hilo ndilo ninaloliona kuwa moyo wa kambi hii. Sisi wengine tumelelewa kwa amri ya "Hebu tulia!", na wengi tunaitoa amri hiyo huku tukiwa tumesimama, simu sikioni, funguo za gari mkononi. Thénac hakuna aliyemwamuru mpwa wangu atulie. Wakubwa walitangulia, yeye akabaki na uamuzi wake.

Siku ya pili aliomba aigonge kengele ndogo mwenyewe. Mtawa wa kike aliyewasimamia watoto alimkalisha mkabala naye na kumwonyesha hatua kwa hatua. Bakuli la kengele huwekwa juu ya kiganja kilichonyooshwa. Kwanza mtoto huvuta pumzi na kuitoa. Kisha hugusa ukingo kwa kijiti bila kukiondoa, ili itoke nusu ya sauti, ya kuwatahadharisha wanaosikia kwamba mlio wenyewe unakuja. Anasubiri kidogo. Ndipo anapopiga na kuuacha mlio uende mpaka uishe, huku watu wakipumua mara tatu. Mpwa wangu alipiga kwa nguvu mno, kengele ikakwaruza. Mtawa alimwashiria arudie, bila neno. Mara ya tatu mlio ulitoka safi, na wakubwa waliokuwa wakipita na ndoo za maji walisimama kwa ajili yake. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo mtoto wa miaka tisa anaweza kuwasimamisha watu wazima kwa heshima namna hiyo.

Zoezi linalopendwa zaidi na watoto ni la kokoto, ambalo Thich Nhat Hanh alilitunga kwa ajili yao. Kila mtoto huokota kokoto nne. Jiwe la kwanza alilookota mpwa wangu lilikuwa kubwa kuliko ngumi yake, na aling'ang'ania kwamba hilo ndilo. Aliachiwa. Watoto waliketi duara chini ya mti, kila mmoja na kokoto zake upande wa kushoto. Unachukua moja, unaiweka kwenye kiganja cha kushoto, unaifunika kwa cha kulia. Ya kwanza ni ua: unapumua ukijiona mbichi kama ua. Ya pili ni mlima, imara. Ya tatu ni maji yaliyotulia, yanayoonyesha mbingu na miti jinsi vilivyo, bila kuvipotosha. Ya nne ni nafasi, uwazi, uhuru wa moyo. Pumzi tatu kwa kila kokoto, kisha unaihamishia upande wa kulia. Zoezi zima linamalizika kabla mtoto hajachoka, na nadhani ndiyo sababu linafaulu. Lile jiwe kubwa lilikuwa mlima wake.

Dada yangu alikuwa na wasiwasi mmoja, na wasomaji wengi watakuwa nao: je, mtoto wa Kiislamu atafundishwa dini nyingine? Jibu la kweli ni kwamba watawa hawa ni Wabudha na hawalifichi hilo. Wanainamiana, wanaimba sala zao, wana sanamu ya Budha ukumbini. Lakini Thich Nhat Hanh aliwahimiza wageni warudi kwenye mizizi ya dini zao, na mwaka 1999 alitoa kitabu kizima kinachowaweka Yesu na Budha pamoja kama ndugu. Mpwa wangu alitandika mkeka wake kando ya hema adhuhuri, akaswali. Mvulana wa Kifaransa wa hema jirani alikaa akingoja amalize ili waende kucheza mpira. Kilichonisumbua kidogo kilikuwa isha, kwa maana Julai huku jua huzama karibu saa nne usiku, wakati kambi imekwisha kuingia katika ukimya ambao huwekwa hadi asubuhi. Tuliswali kwa sauti ya chini.

Ada nyingine ya hapa ilianza enzi za mwanzilishi mwenyewe. Alipotoa mafundisho ya asubuhi, aliwaketisha watoto mbele na kuzungumza nao kwanza, kwa maneno mepesi. Kisha walisimama, wakainama, wakatoka kwenda kucheza, naye akaendelea na wakubwa. Wazazi wengi husema sehemu ya watoto ndiyo iliyowaingia zaidi. Filamu ya *Walk With Me* ya mwaka 2017, iliyorekodi maisha ya makao haya, inamwonyesha msichana mdogo akimuuliza afanyeje ili asiendelee kuhuzunika kwa kufa mbwa wake. Mzee anamwambia atazame wingu analolipenda. Wingu likitoweka angani halijafa, limegeuka mvua, na mvua imo ndani ya chai unayokunywa. Hakumwambia asilie, wala hakumdanganya kwamba mbwa atarudi. Thich Nhat Hanh alifariki Januari 2022 katika hekalu lake la ujana huko Hue.

Wapo wanaoamini kwamba mambo haya yanaweza kuwekwa kwenye mtaala na kufundishwa darasani kama hesabu. Uingereza walijaribu. Utafiti mkubwa uliopewa jina la MYRIAD, ambao matokeo yake yalichapishwa Julai 2022, uliwafuatilia watoto zaidi ya 8,000 wenye umri wa miaka 11 hadi 14 katika shule zaidi ya 80. Nusu ya shule zilitoa masomo ya utulivu wa akili, nyingine zikaendelea na malezi yao ya kawaida. Afya ya akili ya watoto haikutofautiana. Wengi hawakufanya mazoezi nyumbani, na baadhi yao masomo yenyewe yaliwachosha. Walionufaika, angalau kwa muda, walikuwa walimu: uchovu wao wa kazi ulipungua na hali ya shule ikawa bora.

Wapo waliousoma utafiti huo kama hukumu ya kifo kwa jambo zima. Mimi sikubaliani nao. Naona unaeleza kilekile nilichokiona penye kisu kilichowekwa chini na karoti nusu. Mtoto hawezi kubebeshwa peke yake kazi ya kutulia ndani ya nyumba au shule inayokimbia.

Thich Nhat Hanh alilijua hilo, ndiyo maana aliwafundisha watoto mbinu inayowahusu wakubwa. Wazazi wakianza kugombana, alisema, mtoto amvute mama kando na kumkumbusha kwamba kuna keki kwenye friji. Iwe keki ipo au haipo, hiyo ni ishara iliyokubaliwa nyumbani kwamba hali si nzuri. Mzazi anapata sababu ya kuondoka, anakwenda jikoni, anapumua, na mwenzake anapata nafasi ya kumfuata kusaidia kuandaa. Jioni ya mwisho, katika duara la wazazi, baba mmoja alieleza kwamba binti yake ameshaitumia keki hiyo mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri. Alisema hayo kwa sauti nzito, mkewe amekaa pembeni yake, na hakuna aliyecheka.

Tulipokuwa tukingoja treni Sainte-Foy, dada alipiga simu kuuliza kama ampeleke tena mwakani. Nilimwambia ampeleke, ila aende naye, na shemeji pia, na wachague wiki ambayo kazini hakuna atakayewatafuta.