Mgongo wa Karata



Mtu akipewa karata mkononi, macho yake hukimbilia uso wake: anatafuta mfalme, rangi, hesabu. Ni haki yake, kwa maana uso wa karata ni wa yule anayeishika. Lakini mgongo wake ni wa wote walioketi kuizunguka meza. Wao hawaoni kitu kingine. Ndiyo sababu leo nawaomba tuigeuze karata, tutafakari kidogo juu ya upande ule usiosifiwa na mtu, na juu ya kazi inayohitajika ili upande huo usiseme neno lolote.

Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona ukurasa huu ukijaa gundi, bristoli na visu. Vumilieni. Katika parokia zetu nyingi tunawatengenezea watoto michezo sisi wenyewe, kwa kuwa ile ya dukani ni ghali au haifanani na maisha yetu. Na mara nyingi tunadhani kwamba kitu cha nyumbani kinaruhusiwa kuwa kibovu kidogo, maadamu kimetolewa kwa moyo mwema. Mimi sikubaliani na wazo hilo.

Hapa Bukavu, watoto wa kikundi chetu wanapenda mchezo uliotufikia kwa njia ya Kifaransa, ule wa familia saba. Una karata 42: familia saba, na katika kila familia watu sita, yaani babu, bibi, baba, mama, mwana na binti. Karata zinagawanywa, nyingine zinabaki katikati kama rundo. Zamu yako ikifika unamwambia mwenzako mmoja: “Katika familia ya wavuvi, nipe bibi.” Akiwa naye, hana budi kukupa, nawe unaendelea kuomba. Asipokuwa naye, unavuta karata moja katika rundo na zamu inapita. Anayekusanya familia nyingi zilizotimia ndiye mshindi. Mchezo mzima umejengwa juu ya mambo mawili: kukumbuka yaliyosemwa, na kusema ukweli unapoombwa. Kwa sababu hiyo naupenda kuliko michezo mingine mingi.

Pakiti tuliyokuwa nayo ilitengenezwa na vijana waliotutangulia, kwa maboksi ya biskuti na kalamu za rangi. Nyuso zake zilikuwa za kupendeza kweli. Babu wa wahunzi alikuwa na ndevu zilizofika magotini, na mama wa washonaji alivaa kitenge kilichochorwa ua kwa ua. Lakini nyuma yake, karata moja ilibeba nusu ya herufi ya kiwanda, nyingine doa la mafuta, nyingine pembe iliyokunjika. Miaka ilivyopita, alama ziliongezeka.

Kisha kijana mmoja wa miaka 12 akaanza kushinda. Alishinda Jumamosi tatu mfululizo, akiomba karata moja baada ya nyingine bila kukosea, kama mtu anayesoma orodha. Wenzake wakamwita mwizi mbele ya wote. Wasichana wawili wadogo wakaacha kuja. Nilimwita kando, akanijibu kwa utulivu: “Yaya, mimi sikuiba. Karata ndizo ziliniambia.” Akazipanga mezani zikiwa zimelala kifudifudi, akazitaja kwa majina yao: huyu babu wa waseremala, huyu binti wa wakulima. Hakukosea hata moja. Nilimwuliza kama hawezi kuacha kutazama migongo. Akaniuliza: “Nitazame wapi, yaya?”

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata.

Nimelifikiria swali lake muda mrefu. Jicho likishajifunza kusoma, haliwezi kuamua kutojua. Kitabu cha Methali kinazungumza zaidi ya mara moja juu ya mizani ya udanganyifu, nasi tukisikia maneno hayo tunamfikiria mara moja mfanyabiashara mwenye hila sokoni. Lakini kuna mizani inayodanganya ingawa muuzaji na mnunuzi wote wawili ni watu wema. Imepinda tu, basi. Anayepaswa kuulizwa hapo ni yule aliyeitengeneza na yule anayeendelea kuiweka mezani.

Hata viwanda vikubwa vimewahi kuangukia katika shida hiyo. Mwaka 2012, mchezaji karata maarufu wa Marekani, Phil Ivey, alishinda karibu pauni milioni 7.7 katika nyumba ya kamari ya Crockfords mjini London. Karata zilizotumiwa zilikuwa za kiwanda, nzuri kabisa kwa macho ya kawaida, isipokuwa kwamba nakshi ya mgongo haikukatwa sawasawa: ukingo wa upande mmoja ulitofautiana kidogo sana na ule wa upande wa pili. Ivey na mwenzake walimshawishi mgawaji azigeuze karata zenye thamani kubwa, ili mgongo uzitambulishe. Nyumba ile ikakataa kumlipa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza, na mwaka 2017 majaji wakaamua kwamba huko kulikuwa kudanganya, ingawa mwenyewe aliamini kwa dhati kwamba alitumia akili tu. Ninaona waliamua vema, kwa kuwa yeye alifanya hila ili karata zigeuzwe. Kijana wetu hakugeuza kitu. Alikaa tu mahali alipowekwa, mbele ya migongo iliyosema.

Basi tukaamua kuchapa karata mpya.

Katika kikao, mama mmoja wa kamati, ambaye namheshimu sana, aliuliza kama fedha hizo zisingefaa zaidi kuwanunulia wagonjwa sabuni na chumvi. Hakuna aliyecheka, maana wagonjwa tunawajua kwa majina. Tulikubaliana kutogusa sanduku la parokia. Vijana wakauza mandazi Jumapili tatu baada ya Misa. Swali la mama yule halikufa kwa sababu hiyo, na sidhani linapaswa kufa. Nilichomjibu ni kwamba tayari tulikuwa tumewapoteza watoto watatu kwa ajili ya maboksi ya biskuti.

Sasa niingie katika kazi yenyewe, kwa kuwa najua baadhi yenu mnataka kujaribu. Karata tulizozoea zina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Karata tisa, tatu kwa tatu, zinachukua 189 kwa 264, na ukingo unabaki pande zote. Karatasi tano zinatoa karata 45. Sisi tulihitaji 42. Katika zile tatu za ziada, moja tuliiandikia kanuni za mchezo, na mbili tuliziacha bila uso, zikiwa na mgongo tu. Zitunzeni hizo kama dhahabu: karata ikipotea au kuharibika, utachora nyingine kwa mkono juu ya mgongo uliochapwa siku ileile. Ukirudi kwenye printa mwezi ujao, wino hautakuwa na rangi ileile, na hapo umekwisha kutengeneza karata yenye alama.

Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile ya gramu 80 kwa mita mraba, haifai. Inapitisha mwanga na kukunjika siku ya kwanza. Bristoli nene ya gramu 300 ingefaa, lakini mashine nyingi za vibandani huitafuna. Viwanda vya karata vina njia yao: hubandika tabaka mbili za karatasi na kuweka gundi nyeusi katikati, ili mwanga usipite. Tuliiga hekima hiyo. Tulichapa nyuso kwenye bristoli nyepesi ya gramu 160, migongo kwenye nyingine kama hiyo, na upande wa ndani wa karatasi ya mgongo tukauchapa mweusi mtupu. Kisha gundi nyembamba, iliyotandazwa hadi pembeni, na karatasi zote zikalala usiku mzima kati ya mbao mbili zenye mawe juu yake. Jambo moja dogo lisisahauliwe: karatasi hukunjika kwa urahisi upande mmoja kuliko mwingine. Ukibandika mbili, nyuzi zake zielekee upande mmoja, la sivyo karata zitapinda kama magome ya mti. Kipimo cha mwisho ni taa ya simu. Iweke nyuma ya karata gizani; ukiona hata kivuli cha uso, kazi bado.

Juu ya mgongo wenyewe tulibishana siku mbili. Wasichana walitaka nakshi kubwa ya kitenge, na ilikuwa nzuri sana. Lakini mkono wa mtu hauwezi kukata karata 45 bila kuteleza hata nusu ya milimita, na ua kubwa linalokatwa hapa kidogo zaidi, pale kidogo pungufu, linakuwa jina la karata. Mstari wa fremu ni mbaya zaidi: ukingo ukizidi upande mmoja, jicho la mtoto linauona mara moja. Mwishowe tulichagua vitone vidogo kama punje za ulezi, vimejaa mgongo mzima bila fremu, bila juu wala chini. Kisu kikiteleza kidogo, hakuna anayejua. Nakiri kwamba si mgongo wa kumvutia mtu. Unapaswa kuwa hivyo.

Kukata kunataka rula ya chuma, wembe mpya, na subira: pitisha mara tano kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Baada ya hapo seremala jirani alitusaidia kwa jambo ambalo sisi hatukulifikiria. Alizibana karata zote pamoja kati ya mbao mbili katika jiliwa lake, akapitisha msasa laini kwenye kingo zote nne na kuviringisha pembe. Zilipotoka zilikuwa kama mwili mmoja. Karata ndefu kwa nywele moja haikuwepo tena, na kingo zilikuwa laini hata vidole vikapenda kuzishika. Tulimalizia kwa vernisi isiyong'aa, tabaka jembamba kila upande, katika siku za kiangazi, maana unyevu wa masika huifanya inate. Wengine hufunika karata kwa plastiki ya moto. Inazuia maji, ni kweli, lakini zinateleza mezani kama samaki, na ukikata sambamba na karatasi plastiki huanza kufunguka pembeni baada ya muda.

Kuna kisa cha kale ambacho mafundi wa aina hii wangependa kukijua. Mtakatifu Bernardino wa Siena, Mfransisko wa karne ya 15, alihubiri vikali dhidi ya kamari, na inasimuliwa kwamba huko Bologna watu walizichoma karata zao kwa sababu ya mahubiri yake. Mchoraji mmoja wa karata akamjia akilalamika kwamba hana tena riziki. Mtakatifu akamchorea Jina la Yesu, zile herufi IHS ndani ya jua lenye miale, akamwambia achore hilo. Na inasemekana mtu yule alipata kazi nyingi kuliko kwanza. Mimi nakipenda kisa hicho kwa sababu Bernardino hakumwambia atupe brashi. Mkono uliozoea kuchora kwa usahihi ulibaki na thamani yake.

Pakiti mpya ilipokuwa tayari, nilikwenda nyumbani kwa yule kijana, nikawasalimu wazazi wake, nikamwomba aje kabla ya wengine. Sikumwambia sababu. Nilizitandaza karata zote kifudifudi na kumpa muda wa kutosha. Alizitazama akizisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akazipapasa, akainusa moja. Baada ya robo saa alitoa tatu. Mbili zilikuwa na chembe ya vernisi iliyoganda, ambayo mimi sikuiona mpaka aliponiwekea kidole juu yake. Ya tatu, alisema, ilikuwa nyepesi kuliko nyingine. Sijui alihisije, tuliichunguza, tukakuta gundi haikushika upande mmoja. Zile mbili tukazisugua kwa msasa na kuzipaka upya. Kwa ya tatu tulitumia moja ya zile zisizo na uso, naye akamchora mwenyewe binti wa wavuvi, akiwa na kikapu cha sambaza kichwani.

Watoto walipoingia alikuwa bado ameketi pale. Hakuna aliyemwambia kitu. Waligawanya, akashika zake, na zamu yake ilipofika akamwomba bibi wa waseremala kwa msichana asiyekuwa naye. Akavuta karata katika rundo.