Gurudumu la Nyuma Lilivyotupeleka Rubongi

Sisi tumerudi salama kutoka Tororo, na safari hii tumewaletea habari ya gurudumu.

Mnaijua ile baiskeli ya gia ambayo familia zetu nne tulichanga tukainunua. Ndiyo inayoleta maji, na ndiyo inayomfikisha mgonjwa zahanati usiku. Juzi iliingia shimoni na jerikeni mbili, rimu ya nyuma ikapinda kabisa. Fundi wetu hapa Kiryandongo akasema hainyooki tena. Kwa kuwa tulikuwa na matanga ya shemeji yetu Rubongi, tukachanga tena, tukasema tutanunua gurudumu hukohuko karibu na mpaka.

Rubongi iko wilaya ya Tororo, na ule mwamba mkubwa wa Tororo unauona toka mbali. Wenyeji wengi ni Japadhola. Lugha yao iko karibu na Kijaluo, basi wenzetu wa kutoka Kisumu walisikilizana nao vizuri tu. Wengine tulinyamaza kidogo. Mwaka 2008, tulipokimbia vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya tukavuka Malaba, tuliwekwa Mulanda, wilaya hiihii. Wakati ule tulikuja na mablanketi kichwani. Sasa tumekuja kama wakwe, tumekaribishwa na kuwekewa viti. Si jambo dogo hilo.

Na huku baiskeli wanaijua. Hata neno bodaboda lilianzia mpakani Busia, vijana wakibeba abiria kwa baiskeli toka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, wakiita "border, border!"

Siku ya pili tukaona gurudumu zuri sokoni, limeandikwa 26. Na yetu ni 26. Tukatoa pesa! Bahati nzuri mzee mmoja fundi, aliyekaa chini ya mwembe, akatuita: "Wanangu, ngojeni kwanza. Hiyo 26 ni ipi?"

Kumbe 26 ziko zaidi ya moja. Ile ya sokoni ilikuwa 26 x 1 3/8, ya baiskeli za kawaida, ambayo rimu yake ni milimita 590 pale tairi linapokaa. Ya baiskeli ya milima ni milimita 559. Tairi letu lisingeingia hata kwa nguvu, na raba za breki zisingegusa rimu mahali pake.

Mzee akatuuliza maswali mengine, sisi hatuna jibu hata moja. Ikabidi tupige simu nyumbani, kijana wetu wa darasa la saba achukue rula ya shule.

Kwanza, akasoma ubavuni mwa tairi: 50-559. Pili, gurudumu likiwa limetolewa, akapima nafasi kati ya masikio mawili ya fremu, kwa ndani: sentimita 13 na nusu. Baiskeli nyingi za kawaida ni nyembamba zaidi hapo. Tatu, breki: zetu zinabana rimu, si za diski, kwa hiyo rimu lazima iwe na ubavu laini wa kubanwa. Nne, gia za nyuma: ziko sita, na zimefungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Kuna aina nyingine inayochomekwa, na hizo mbili haziingiliani. Tano, ekseli yetu ni ya nati.

Mzee akachakura vyuma vyake, akatoa gurudumu kuukuu lakini zima, spoki 36. Akalizungusha, akakaza spoki hapa, akalegeza pale, mpaka likaacha kucheza. Pesa zikabaki za tairi jipya. Akatuonya: mkiweka gia mpya kwenye cheni iliyochakaa, cheni inaweza kuruka. Basi tukabaki na gia zetu za zamani.

Gurudumu tulilipakata kwenye basi mpaka Bweyale kama mtoto. Jumamosi fundi wetu alilifunga, likaingia bila nyundo. Jumapili usiku likambeba mama mjamzito, na mtoto ni wa kike, mzima.

Basi ndugu, kabla hujatuma mtu mjini kukununulia gurudumu, mpe namba ya tairi, upana wa fremu, aina ya breki, aina ya gia na aina ya ekseli. Namba 26 peke yake itakula pesa yako.

Tukutane toleo lijalo.