Mbao Zilizoshuka Madirishani

Nyumba ya tembe ya Mhehe wa zamani haikujua dirisha pana, kwa kuwa baridi ya Juni na Julai katika Nyanda hizi za Juu Kusini ni adui anayetafuta upenyo, na busara ya wazee ilikuwa kumnyima upenyo huo na kuridhika na vitundu vidogo. Dirisha kubwa la mbao lililetwa na wageni. Wajerumani, baada ya kuivunja ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe pale Kalenga mwaka 1894 na kisha kuujenga mji wa Iringa juu ya kilima; Waingereza, walioanzisha mji wa Mbeya mwaka 1927 wakati dhahabu ya Lupa ilipokuwa ikivuta watu kutoka kila upande; wamisheni, na wafanyabiashara wa Kihindi waliofuata nyuma yao, wote walijenga nyumba za kuta nene, na katika kuta hizo wakatia madirisha yenye milango miwili ya mbao, kwa desturi iliyokwisha kuzoeleka katika miji ya pwani.

Mimi nilikulia Mbeya katika nyumba ya namna hiyo, kwa kuwa baba alikuwa karani wa serikali, na dirisha la chumba chetu nililifahamu kabla ya kufahamu herufi. Lilikuwa na pande mbili zilizokutana katikati, kila upande umeshikwa na bawaba mbili za chuma, na ndani ya fremu ya kila upande vilipangwa vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari, kila kimoja kikifunika ukingo wa mwenzake, hata mvua iliyosukumwa na upepo wa mlima Loleza ikateremka nje kibao kwa kibao bila kuingia ndani, ilhali hewa ilipenya bila kizuizi. Pembe za fremu hazikushikwa kwa msumari; ziliungwa kwa ulimi na tundu, zikapigiliwa vigingi vya mti, na mti wenyewe ulikuwa mninga, ambao katika siku zile ulipatikana kwa wingi katika misitu ya miombo ya Chunya. Seremala aliyeitengeneza kazi ile sikumjua, lakini hisabati yake niliiona kila asubuhi, maana mshazari wa vibao ungezidi kidogo chumba kingekuwa giza, na ungepungua kidogo mvua ingelala kitandani.

Mabadiliko yalianza taratibu. Barabara ya lami ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ziliiletea Mbeya bidhaa ambazo awali zilifika kwa taabu, na miongoni mwake vilikuwamo vioo vya luva, ambavyo mwenye nyumba alivifungua na kuvifunga kwa kuvuta mkono mmoja wa chuma. Baadaye zikaja nondo kwa hofu ya wezi, kisha nyavu za mbu, na mwishowe madirisha ya alumini ya kuteleza, ambayo leo humeta kutoka Uyole hadi Mafinga. Nisingependa kuwadhulumu waliofanya uamuzi huo kwa kuwaita wajinga. Dirisha la mbao lilimlazimisha mtu kuchagua baina ya mwanga na joto: akitaka kuona alifungua akatetemeka, na akitaka kuota moto alifunga akakaa gizani; kioo kilimpa yote mawili kwa wakati mmoja, na mtoto mwenye kitabu mkononi alifaidika kuliko wote. Basi mbao zikashuka madirishani, nyingine zikapasuliwa kuwa kuni za kuchemshia pombe ya harusi, nyingine zikaegemezwa nyuma ya majiko, zikasahauliwa.

Mama yangu hakuziacha zisahaulike. Alizichukua pande mbili, akazifanya mlango wa ghala dogo la jikoni, mahali alipohifadhi viazi vya Umalila na vitunguu vilivyoletwa na mabasi kutoka Ruaha Mbuyuni. Kila mwanamke wa nyanda hizi anajua kwamba kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa na sumu, na kikikosa hewa huoza. Nacho kitunguu, kikifungiwa pasipo upepo, huchipua au hufanya ukungu. Vibao vile vya mshazari vilizuia mwanga na kuruhusu hewa, yaani vilifanya jikoni kazi ile ile viliyoifanya chumbani. Mama hakuwa na jina la kuuita uamuzi wake, wala hakuuona kuwa ubunifu. Aliponiona nimesimama nikiutazama mlango ule aliniambia tu, “Mwanangu, mti mzuri hautupwi, unahamishwa.”

Nilipohamia Iringa kwa kazi ya ualimu, niliukuta mji ambao baada ya muda ulijifunza kuviangalia vitu vya kale kwa jicho jingine. Karakana ya Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 kwa kuwapa kazi vijana wenye ulemavu, ilikuwa imethibitisha kwamba hata kinyesi cha tembo huweza kuwa karatasi nzuri ya kuandikia barua. Na mwaka 2016 Boma la Wajerumani, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa azma ya kuwa hospitali na kutumika kwa muda mrefu kama ofisi za serikali, lilifunguliwa kuwa makumbusho. Haikuwa ajabu, basi, kwamba wenye nyumba za wageni walianza kuulizia mbao za madirisha ya zamani, wakazitaka ziwe meza, vichwa vya vitanda, na viunzi vya vioo vya kujitazamia. Nyuma ya mtindo huo palikuwa na sababu nyingine yenye uzito zaidi: mninga ulikwisha kuwa adimu na ghali, na ubao ulio rahisi kupatikana sasa ni msindano wa Sao Hill, mti unaokua haraka na kufaa kwa mapaa, lakini ambao fundi hawezi kuulinganisha na mninga kwa uzito wala kwa kuvumilia mchwa.

Fundi mmoja wa Kihesa, ambaye nilizoea kukaa katika karakana yake jioni, alinionyesha hayo kwa vitendo. Alilaza upande wa dirisha juu ya meza yake, akaulowesha maji, akaanza kuusugua kwa msasa polepole, ukiwa umelowa, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake likivutwa na mtoto humdhuru akili. Kwanza ilitoka rangi ya kijani, chini yake nyeupe, chini yake ya kijivu, kila tabaka likiwa dola au mpangaji aliyepita. Hatimaye mti ukajitokeza, mwekundu wenye michirizi ya dhahabu. “Mwalimu,” akasema, “mbao hii ilikwisha kukauka kabla sijazaliwa. Haina mahali pa kupindia tena.”

Katika kutazama kazi zake na za wenzake nilipata rai ambayo bado ninaishikilia. Meza za mbao za madirisha zilipendeza machoni lakini zikachosha mikono, kwa kuwa punje za wali na vumbi viliingia baina ya vibao, mpaka mwenyewe akalazimika kununua kioo cha kuifunika meza yake, na gharama ya kioo ikaizidi ya meza. Kinyume chake, kabati la vyombo, kiambaza cha kugawa sebule, mlango wa banda la kuku na kifuniko cha ghala vilidumu bila malalamiko. Tafauti ni dhahiri: ubao ulioundwa kupitisha hewa na kuzuia jua na mvua huona raha unapoombwa kazi hiyo hiyo mahali pengine, na huasi unapolazimishwa kazi nyingine.

Bustanini rai hiyo ilithibitika zaidi. Jua la Gangilonga, mtaa wa Iringa, wakati wa kiangazi ni kali kwa mche wa kabichi au wa nyanya, na mvua ya mawe ikija hukitwanga kitalu kizima kwa dakika chache. Lakini upande wa dirisha ukilazwa juu ya matofali, vibao vikielekea mahali jua linapotua, miche hupata mwanga wa asubuhi, hukingwa na ukali wa alasiri, na mawe huishia juu ya mninga. Jambo la kuangalia ni kutoupaka oili chafu ya gari, kama watu wafanyavyo kwa nguzo za uzio, kwa kuwa mvua huishusha sumu hiyo katika udongo wa mboga. Na rangi yote ya zamani sharti iwe imekwisha kuondolewa kwanza.

Leo wako wanaowaagiza mafundi mbao mpya za msindano, zipakwe rangi kisha zikwaruzwe makusudi zionekane kuukuu. Kila mtu na fedha yake. Lakini kwa kuwa nyumba za zamani zinaendelea kubomolewa Mbeya na Iringa kwa ajili ya maghorofa, ningewasihi wenye nyumba waanze na bisibisi kabla ya nyundo, wafungue bawaba bila kupasua fremu, kisha kabla ya kuuza au kuchoma wajiulize, kama mama alivyojua pasipo kuuliza, ni wapi pengine nyumbani mwao panapohitaji hewa bila jua.