Bigwa: Nilikwenda nikicheka, nikarudi na fomu

Wiki hii sikupeleki disko wala ufukweni. Nakupeleka Moro, mji kasoro bahari, na hasa nakupeleka Bigwa. Najua unauliza: Bigwa kuna nini? Hata mimi niliuliza hivyohivyo. Tulia nikupe mkanda mzima.

Kisa kilianzia nyumbani, Manzese. Mdogo wangu wa kike aliacha shule akiwa kidato cha pili. Sababu unaijua, sina haja ya kuizungukazunguka: mimba. Mwenye mzigo akala kona, hadi leo hajulikani alipo. Mtoto sasa ana miaka mitatu na kila mwanaume anayepita uani anamwita mjomba. Mwaka 2021 serikali iliruhusu mabinti waliojifungua warudi shuleni, lakini binti wetu akakataa katakata kukaa dawati moja na watoto aliowaacha darasa la tano.

Basi bwana, mama akasikia kwa wenzake wa jumuiya kwamba Bigwa kuna chuo kinachopokea mabinti wa aina hiyo, tena pamoja na watoto wao. Baba akagoma.

"Hela ya kumsomesha mara ya pili mimi sina. Ile ya kwanza aliifanyia nini?" Akasema hivyo, akaongeza sauti ya redio. Kikao kikafungwa.

Nikatumwa mimi nikaone kwa macho. Na niseme ukweli, nilikwenda huku nacheka kimoyomoyo. Kijiweni kwetu vyuo vya ufundi ni vya waliofeli. Ndivyo tunavyoambiana, sisi tuliomaliza form four, vyeti viko kabatini vimelala usingizi wa pono, na wenyewe tunashinda kijiweni kutwa tukibishana mpira!

MLIMA UNAKUANGALIA

Siku hizi kwenda Moro ni kitu laini. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakutoa Dar na kukufikisha chini ya saa mbili, hata usingizi haujakolea. Ukishafika, cha kwanza kukupokea ni Milima ya Uluguru. Kilele cha Lupanga, chenye zaidi ya mita 2,100, kimesimama juu ya mji kama baba mwenye nyumba anayesubiri kodi.

Bigwa iko chini ya milima hiyo, upande wa barabara ya zamani ya kwenda Dar. Hapo ndipo inapochepuka njia ya Kiroka, Matombo hadi Kisaki. Ndani ya daladala nilibanwa kati ya mama mwenye ndizi na masista wawili vijana, umri wangu kabisa, wenye madaftari mapajani. Mmoja alikuwa anamsikiliza mwenzake maswali ya kemia. Nikashangaa. Konda akanicheka: "Kaka, huku ni Bigwa! Masista wana sekondari yao. Na ukienda Mgolole utawakuta wengine wanalea yatima."

Kumbe ukanda huu una historia ndefu ya kupika watu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Walikuwa wakiwakomboa watoto waliokuwa watumwa, na hawakuwafundisha sala peke yake. Wavulana walishika randa, nyundo na jembe, wasichana wakafundishwa kushona kwa masista. Baadaye mapadri wakafuata njia ya misafara kwenda bara: Mhonda mwaka 1877, Mandera 1881, na Morogoro 1882. Walipokwenda kuanzisha misheni mpya walichukua familia za vijana waliowalea Bagamoyo. Yule aliyejua kujenga ukuta ndiye pia aliyetegemewa kuwaongoza wenzake kwenye sala.

Sisemi kila kitu kilikuwa asali. Watoto wale hawakuulizwa wanataka kuwa nani, na nidhamu ilikuwa ya chuma. Lakini fikra yenyewe imebaki: kiongozi asiyejua kazi ya mikono, kijijini hana mengi ya kuongoza.

CHUO CHENYEWE

Chuo nilichotumwa si cha kanisa, ni cha serikali. Kinaitwa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa. Vyuo vya namna hii vilianza mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa msaada wa Sweden, na viko zaidi ya 50 Tanzania Bara. Wazo lilitoka kwa watu wa Skandinavia, ambako chuo cha kwanza cha wananchi kilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844, kwa ajili ya vijana wa wakulima. Mwalimu akalipenda. Mpango ulikuwa kijiji kichague mtu wake, aende kujifunza, kisha arudi kuwatumikia waliomtuma. Hapo mwanzo hata mitihani na vyeti havikutiliwa maanani. Uliulizwa unajua kufanya nini.

Miaka ya karibuni vyuo hivi, ambavyo siku hizi viko chini ya Wizara ya Elimu, viliingia katika mpango wa Elimu Haina Mwisho ulioendeshwa na shirika la Karibu Tanzania. Binti aliyekatishwa masomo anasoma sekondari, anajifunza ufundi, na mtoto wake anaangaliwa hapohapo chuoni wakati mama yuko darasani.

Nilijitambulisha, nikaruhusiwa kuzunguka. Nilichokiona hakikuwa cha ajabu, na pengine ndiyo maana kiliniingia. Cherehani zinalia. Maranda ya mbao chini. Watoto wanagombania mpira wa makaratasi. Dada mmoja alikuwa anapima kitambaa cha sare huku mwanaye amemshika sketi. Nikamtania, "Dada, huyo naye amesajiliwa?"

Hakucheka. Akaweka chini futi kamba, akaniangalia.

"Huyu ndiye aliyenifanya nikafukuzwa kila mahali. Hapa ndipo mahali pa kwanza walipouliza anaitwa nani."

Msomaji, nilikosa pa kuweka uso. Maana mimi mwenyewe, miaka mitatu nyumba moja na mdogo wangu, sikumbuki siku niliyomuuliza anataka kuwa nani. Nilichokuwa namwambia ni "niwekee maji ya kuoga" tu.

KAULI YA BIBI

Kabla ya kuondoka nilikaa kwa bibi mmoja muuza ndizi pale njia panda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kama walivyo wazee wa Kiluguru akataka kujua ukoo wangu. Nikamwambia mama yangu ni wa Matombo. Akafurahi kama amepata ndugu. Kwa Waluguru ukoo, lukolo kwa lugha yao, unafuata kwa mama, na ardhi ya ukoo nayo imekuwa ikipita upande huohuo.

Nikamweleza shida iliyonileta. Akamenya ndizi taratibu.

"Baba yenu anaona aibu kwa mtoto kukosa baba," akasema. "Mweleze huyo mtoto ana kwao. Kwao ni kwa mama yake. Sasa mama akiwa hana kitu mkononi, ukoo mzima hauna kitu."

Akanipa ndizi mbili, akakataa hela.

NYUMBANI

Nilirudi usiku. Fomu niliiweka mezani, mbele ya redio. Sikutoa hotuba. Nilimweleza baba nilichokiona, tangu masista wa kemia mpaka yule dada wa sare, na nikakiri kwamba nilikwenda kucheka. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani, hapumui.

Baba aliivuta fomu, akaisoma mbele na nyuma. Halafu akapunguza sauti ya redio, jambo ambalo nyumbani kwetu hufanyika kwa nadra sana.

"Cherehani siku hizi ni shilingi ngapi?" akauliza.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyejua. Mdogo wangu ndiye aliyejua. Akaitaja bei ya mpya, akataja na ya mtumba, na duka lenyewe Kariakoo. Kumbe alishaulizia zamani, peke yake.

Kwa leo naishia hapa. Wewe unayecheka pale kijiweni, ukipita Moro teremka Bigwa. Na kabla hujapanda gari, muulize mdogo wako anataka kuwa nani.