Herufi T ya Shangazi

Shangazi yangu wa Buyenzi anayo sarafu moja ya kale ambayo, kwa muda wa juma zima, ilikuwa imekwisha kuiezeka nyumba yake kwa mabati mapya. Kosa lilikuwa langu.

Ni sarafu ya heller 20 ya mwaka 1916, ya shaba ya manjano, wakati nchi yetu ilipohesabiwa kuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Wadachi. (Neno letu “hela” limetoka katika heller hizo hizo.) Marehemu baba yake ndiye aliyemwachia, naye huifunga katika pindo la kanga. Upande mmoja ina taji na mwaka, na chini kuna herufi T. Jioni moja niliitazama kwa mwanga wa taa, nikaona T ile ina kivuli, kana kwamba ni mbili. Nikaropoka: “Shangazi, herufi hii imepigwa mara mbili! Wako watu hulipia ziada kitu kama hiki.” Kulipopambazuka fundi wa mabati alikuwa juu ya paa, anapima.

Herufi kama hiyo hutaja mahali sarafu ilipochapwa. Heller za awali zilitoka Ujerumani, zikiwa na A ya Berlin au J ya Hamburg. Vita vilipofunga njia ya bahari, Wadachi walichapa fedha zao katika karakana ya reli ya Tabora. Ndiyo maana ya T. Mihuri ya chuma ilitengenezwa huko huko kwa mkono, kwa hiyo sarafu hazilingani: nyingine taji lake kubwa, nyingine dogo, na hata ncha za L mbili za neno HELLER huenda zimejikunja au zimechongoka. Wakusanyaji huzipambanua kwa dalili hizo.

Ama kuhusu herufi iliyorudiwa, mambo huwa hivi. Fundi hugonga herufi katika muhuri kwa nyundo. Ikikaa upande, huigonga tena, na alama ya kwanza haifutiki. Kila sarafu itokayo katika muhuri huo huirithi. Marekani waliendelea kugonga alama hizo kwa mkono hadi miaka ya 1980, na makosa ya namna hiyo ni mengi kwao. Lakini ipo hila nyingine: muhuri ukitikisika wakati wa kuchapa, herufi husukumwa na kuacha kivuli. Hicho si kitu cha kulipiwa.

Basi niliazima kioo cha kukuzia kwa fundi saa wa Bwiza, nikaketi mlangoni penye jua. Herufi iliyorudiwa kweli huonyesha ncha za ile ya kwanza zikichomoza, zimeinuka na kuviringana, na aghalabu herufi za jirani ni safi. Ya shangazi haikuwa hivyo. Kivuli kilikuwa bapa kama ngazi, tena tarakimu zote za 1916 zilikuwa nacho, upande ule ule. Niliigeuza mara nyingi kuliko ilivyohitajika, maana nilikuwa nikisikia nyundo ya fundi akijaribu misumari.

Na kulikuwa na jingine. Mjukuu wake, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameisugua kwa ndimu na majivu ili ing’ae mbele ya mnunuzi. Ilikuwa inang’aa kama kijiko. Akina mama mnaotunza vitu vya wazee, tafadhali msisugue sarafu; ngozi ile ya weusi ikiondoka hairudi, na thamani huondoka nayo.

Nilimwambia yote mawili. Shangazi hakunikemea, jambo lililoniumiza zaidi. Akauliza tu: “Sasa hiyo T, mwanangu, ni ya nini?”

“Ya Tabora, shangazi. Wabelgiji waliingia Usumbura mwezi wa Juni 1916, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora.”

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba baba yake alikuwa akiwaambia wanawe kuwa alikwenda Tabora kwa miguu, na mzigo wa Wabelgiji kichwani, nao wakimcheka wakidhani ni ngano za mzee. Akaomba kile kioo. Aliitazama T kwa muda mrefu, kisha akaifunga sarafu katika pindo, fundo mbili, akatoka nje kumwambia fundi ashuke.