Nani Humwombea Mchungaji?

Akina mama wapendwa, mgonjwa akizidiwa usiku tunamwita mchungaji. Ndoa ikiyumba tunamwita mchungaji. Msiba ukitokea, yeye ndiye anayetangulia kufika. Je, yeye akilemewa, nani humwombea? Swali hili ndilo lililotufanya sisi akina mama wa Ujiji tuunde kikundi cha kuwaombea viongozi wetu. Tumeona vema tuwashirikishe namna tunavyokiendesha.

Mji wetu unajua gharama ya utumishi. Mwaka 1878 wamisionari wa Chama cha Wamisionari cha London walifika hapa kutoka pwani. J. B. Thomson, mmoja wa viongozi wao, alifariki mwaka ule ule. Mwaka 1879 akaja Arthur Dodgshun, naye akafariki siku chache baada ya kufika. Barua zilichukua miezi kufika Uingereza, kwa waliokuwa wakiwaombea. Leo tuna simu mkononi. Hata hivyo kiongozi anaweza kukaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na tusijue mzigo wake.

Tukisoma Kutoka 17 tunaona kwamba Musa naye alichoka mikono. Haruni na Huri hawakumtazama kwa mbali. Walimpa jiwe akalie, wakamshika mikono, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likatua. Kila mmoja alikuwa na mahali pake. Nasi tulijipanga hivi.

Kwanza, tuliuliza. Wawili wetu walimwendea mama mchungaji. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Watu huja kunieleza shida zao. Zangu hakuna aliyewahi kuziuliza." Siku ile tulijua kwamba mumewe anapokwenda kwa mtumbwi kwenye vijiji vya ufukoni wakati wa kusi, yeye halali mpaka asikie amefika.

Pili, tulifuata kalenda ya ziwa. Usiku wa giza wavuvi huingia majini na taa zao, na alfajiri wengi wetu tuko ufukoni kununua na kuanika dagaa. Kuitisha mkutano siku hizo ni kujisumbua bure. Basi tunakutana wakati wa mbalamwezi, uvuvi unapopumzika. Wakati wa giza kila mmoja huomba nyumbani kwake siku ya zamu yake: wa Jumatatu humwombea mchungaji na nyumba yake, wa Jumanne wainjilisti, wa Jumatano wazee wa kanisa, na kuendelea. Saa hizo tulipatana kwanza na waume zetu, maombi yasije yakaleta ugomvi nyumbani.

Tatu, tunatunza siri. Hili ndilo gumu kuliko yote. Haja ya maombi ikigeuka maneno ya barazani, kiongozi yule hatafungua kinywa tena, na mlango huo hatuwezi kuufungua sisi. Kwa hiyo jambo la ndani hubaki kwa wale wawili walioambiwa, wengine huambiwa tu, "Iombeeni nyumba ile." Anayeuliza zaidi hujibiwa, "Bwana analijua."

Lakini siri si kifuniko cha dhambi. Kiongozi akimdhulumu mtu, aliyedhulumiwa alindwe na jambo lipelekwe kwa wenye mamlaka. Kumwombea si kumficha.

Nne, tunaongeza mikono. Mtume Yakobo anatuonya tusimwambie mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa kitu. Kibaba cha dagaa, chupa ya mawese, au kulala na mama mchungaji usiku mumewe anapokuwa safarini, hayo nayo ni maombi.

Mama mwenzetu, usingoje kikundi kikubwa. Tafuta wawili wenye vinywa vizito, mgawane siku, kisha mkamwulize mama mchungaji wenu swali moja tu: "Tukuombee nini?" Mkishauliza, nyamazeni mpaka ajibu.

Bwana awabariki.