Mawingu juu ya Goma: mchezo wa watoto na akili ya wazee

Tukiandika juu ya desturi zetu tunapenda kusema habari za ndoa, mahari, ngoma na majina ya watoto. Ni vizuri. Lakini iko desturi ingine, ndogo, ambayo karibu kila mtu aliyekomalia Goma anaijua, na hakuna anayeihesabu kuwa desturi: kuangalia mawingu na kutaja vitu tunavyoviona ndani yake. Nataka kuisemea hapa kwa sababu imepata nguvu mpya ndani ya telefone za vijana, na kwa sababu kwetu, chini ya volkeno, wingu si mchezo tu.

Methali inasema: dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu hiyo ni kazi ya kila siku. Mji wetu uko katikati: kusini kuna ziwa Kivu, kaskazini kuna Nyiragongo, mlima wa meta 3470. Mchana jua linapasha milima moto, hewa inapanda, na mawingu yanajikusanya juu ya vilele. Usiku hewa ya baridi inateremka toka milimani, inafika ziwani na kusukuma juu hewa ya joto iliyo juu ya maji. Ndiyo maana mvua kali na radi zinaweza kuanza ziwani wakati mji umelala. Wavuvi wa sambaza, wenye kutoka na taa zao usiku, wanaangalia mbingu kabla ya kuangalia nyavu. Si woga wa bure. Uchunguzi wa satelite uliotangazwa mwaka 2016 uliweka Kabare, katika Kivu ya Kusini, kuwa fasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya 200 kwa kila kilometa ya mraba, kila mwaka.

Sisi watoto hatukujua hesabu hizo. Tulikuwa tunalala chali juu ya mawe meusi ya volkeno, yakiwa bado na joto la jua, na mmoja anaanza: «Naona, naona!» Wengine wanaitika: «Unaona nini?» «Naona mbuzi.» «Hapana bwana, ile ni mamba, angalia vile imefungula kinywa!» Sheria ilikuwa moja tu: ukitaja kitu, uonyeshe kichwa kiko wapi, miguu iko wapi. Asiyeweza kuonyesha, tulimwita mwongo, na zamu yake ilipita.

Tate yetu, mama ya mama, alikuwa anatusikiliza huku akichambua maharagi. Hakutufukuza. Mara moja moja aliuliza: «Huyo mbuzi wenu anaenda upande gani?» Tunaangalia tena. «Anaenda kwa ziwa.» «Tumbo lake ni nyeupe ao nyeusi?» «Nyeusi.» «Basi muingize nguo.» Kwa maswali yale alitufundisha bila ubao wala chaki. Jicho linaloona mbuzi ndilo lile lile linaloona mvua. Tofauti ni swali unalouliza.

Usiku alikuwa na somo lingine. Miaka ile, kabla ya 2021, ndani ya shimo la Nyiragongo mlikuwa ziwa la moto, na mwangaza wake ulipaka mawingu ya juu rangi nyekundu. Mgeni alishtuka. Sisi tulilala. Tate alisema: «Mulima unapumua.» Alitufundisha pia kutenganisha moshi na wingu: moshi umefungwa kwa mlima, unatoka shimoni na kulala upande wa upepo, wingu linakuja, linakaa kidogo, linaenda zake.

Zamani zile kupiga foto ya wingu kulikuwa kuharibu mali. Filme ilikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa ya ubatizo, ya ndoa, ya diploma. Nani angetoa moja kwa ajili ya mbuzi wa hewa? Leo telefone imebadilisha jambo hilo. Niko katika kikundi cha watu wenye kutumiana picha za mawingu: walimu, mama mmoja muuza vitenge, madereva wa moto, wanafunzi. Mtu anatuma picha na kuandika anachoona: nyani amebeba mtoto, chukudu iliyoanguka na mzigo wake, mzee amevaa kofia. Wengine wanapinga, na saa nzima inapita kwa kucheka. Si kila mtu anatuelewa. Askari akikuona umeinua telefone barabarani anakuja kukuuliza unapiga nini. Ukimjibu «mawingu», anaangalia juu, anakuangalia wewe, anaangalia juu tena.

Mtu asiseme kwamba ni kazi ya wavivu. Kule Uingereza, mwaka 1802, mtengeneza dawa mmoja wa London jina lake Luke Howard alisoma mbele ya rafiki zake maandishi juu ya mawingu, akayapa majina ya Kilatini ambayo shule zinafundisha mpaka leo: kumulusi, stratusi, sirusi. Hakuwa na diploma ya hali ya hewa. Alikuwa na macho na uvumilivu. Katika nchi ile ile, Gavin Pretor-Pinney alianzisha chama cha wapenda mawingu, na watu wa nchi nyingi wakaanza kumtumia picha. Kati ya hizo zilikuwako za wingu lenye mawimbi kama bahari iliyogeuzwa. Moja ilipigwa mwaka 2006 huko Cedar Rapids, Marekani. Halikuwa na jina. Picha zikaongezeka, wataalamu wakachunguza, na mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaliandika katika atlasi yake ya mawingu kwa jina la asperitasi. Basi waliosema «naona, naona» walisikilizwa mpaka na wakubwa wa sayansi.

Lakini kwetu iko sababu kubwa zaidi. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jioni, mbingu ikawa nyekundu tena, na safari hii haikuwa kupumua. Moto ulishuka mpaka karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na watu kwa mamia ya maelfu wakaenda Sake, Bukavu na Rwanda.

Mwezi wa nane mwaka ule, wengi walipokuwa wamesharudi, picha moja ilianza kutembea katika telefone. Mbingu nyekundu kabisa, bila saa, bila fasi, na maneno matatu tu: «Inaanza tena, kimbieni.» Jirani yetu, mama ya watoto wanne, alifunga godoro na kuwavika watoto viatu. Katika kikundi chetu, mwanafunzi mmoja akaandika: «Mutulie kwanza. Ziwa liko mukono wa kushoto, na milima ya mbele ni ya Masisi. Aliyepiga aliangalia magaribi. Nyiragongo haiko kule. Hii ni jua linazama.» Tulitoka nje na kuangalia kaskazini: giza la kawaida. Mama yule alikaa juu ya godoro lake lililofungwa, akalia kwa muda mrefu, kisha akawavua watoto viatu.

Mwanafunzi yule hakuwa na mashine yoyote. Alifanya kile tulichofanya watoto juu ya mawe: onyesha kichwa kiko wapi, miguu iko wapi. Toka siku ile kikundi chetu kina sheria. Kila picha inaandikwa fasi, saa, na upande mpiga picha alikoangalia. Kisha ndipo tunaandika mbuzi ao mamba. Picha isiyo na hayo haitumwi mbele, hata ikiwa nzuri namna gani. Na tukiwa na mashaka juu ya mlima, tunangojea neno la wataalamu wa volkeno, kwani macho yetu hayaoni chini ya udongo.

Wazazi, msiwakataze watoto kulala chali na kutaja mawingu. Kaeni nao, muwaulize: anaenda upande gani, tumbo lake lina rangi gani? Na ninyi vijana, kabla wazee hawajaisha, waulizeni kila aina ya wingu inaitwaje katika lugha ya nyumbani, na inaleta nini. Andikeni jina lile chini ya foto. Telefone inaweza kutunza picha ya wingu. Jina lake na maana yake ni sisi wenyewe tutakaovitunza.